DJ anapoachana na bwate, nani anabaki na nini?

Tangu Jumatatu simu yangu haipumziki. DJ mmoja ambaye jina lake linajulikana Lubumbashi nzima ameachana na bwate, yaani klabu ya usiku, aliyoipigia muziki miaka mingi, na kila mtu ana habari yake: amefukuzwa, amenunuliwa na jirani, ameonekana alfajiri akipakia maboksi garini. Mimi ni avoka, yaani wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mikataba ya wanamuziki, waandaaji wa tamasha na wenye bwate. Kuhusu hao wawili sina la kusema. Hakuna aliyenituma, na siri za nyumba ya mtu si za kuanikwa na mpita njia. Ila maswali mnayoniletea ni yaleyale ninayoulizwa kila DJ anapohama, iwe mtaa wa Kamalondo au wa Golf, na nimechoka kuyajibu moja moja kwa sauti za WhatsApp.

Karibu kila mara anayetangulia kupiga simu ni patroni, mwenye bwate. "Maître, ule hakukuwa mutumikaji wangu, alikuwa artisti. Sasa anaomba nini?"

Anaomba mengi kuliko unavyodhani, Papa. Code du travail, sheria ya kazi ya Kongo yetu, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haijali mlikuwa mnaitana nani. Inauliza kama mtu huyu alifanya kazi kwa malipo, chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Basi turudi kwenye usiku wa kawaida. Saa ya kuanza inapangwa na nani? Akichelewa, anakatwa pesa? Spika na meza ya kuchanganyia muziki ni mali ya nani? Meneja akija kumnong'oneza aache amapiano aweke ndombolo kwa sababu meza ya wakubwa imeomba, anaweza kukataa na kesho bado akawa na kazi? Jumamosi anaruhusiwa kwenda kupiga kwingine? Majibu yakielekea upande wa patroni, huyo ni mfanyakazi, hata kama kwenye afishi, yaani mabango ya matangazo, mlimvisha taji na kumwita mfalme.

Wapo wajasiriamali wa kweli. Huyu anakuja na mashine zake na fundi wake wa sauti, ana namba ya RCCM (daftari la usajili wa biashara), anatoa fakture, yaani ankara, kwa kila usiku, na wiki ijayo yuko Kolwezi. Kesi yake haihusu sheria ya kazi. Inaongozwa na kanuni ya zamani kabisa, iliyomo katika dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 tunayoiita Code civil kitabu cha tatu: makubaliano halali ni sheria kwa waliokubaliana. Hapo utapata ulichoandika. Wengi hawakuandika kitu.

Lakini DJ wengi wa mji huu wako katikati, wanalipwa usiku kwa usiku, bahasha mkononi kabla jua halijatoka. Kwao kuna hesabu ambayo patroni wengi hawaijui, nami naipenda sana kwa sababu haina ubishi. Kifungu cha 40 cha Code du travail kinasema mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, basi kazi mpya mnayokubaliana kabla miezi hiyo haijaisha inahesabiwa kuwa ya mkataba usio na kikomo. DJ wa Ijumaa na Jumamosi peke yake, ndani ya miezi miwili hazidi siku 18. Hafiki. Muongezee Alhamisi ya wanafunzi, na tayari ana angalau 24. Amevuka, na hakuna aliyemwambia. Nimeona bwate ikiongeza usiku wa tatu ili iuze bia zaidi, bila kufahamu kwamba usiku huohuo umembadilisha DJ wake kuwa mwajiriwa wa kudumu. (Msinitumie tena ile hoja ya kwamba usiku mmoja ni siku mbili kwa kuwa umevuka saa sita. Siibebi mbele ya inspekta wa kazi.)

DJ wa Ijumaa na Jumamosi peke yake naye hajapotea. Sheria inataka mkataba wa kazi uandikwe. Usipoandikwa, unadhaniwa kuwa hauna kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mfanyakazi anaweza kuthibitisha kwa njia yoyote kwamba alikuwa akifanya kazi pale. Katika kazi ya bwate ushahidi haukosekani: afishi za kila wiki zenye picha yake, video za wateja, ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money wenye tarehe, kundi la WhatsApp ambamo meneja anapanga zamu. Patroni ambaye hakumwandikisha DJ wake CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asifikiri kwamba kutomwandikisha ndiyo ushahidi wake. Kwa inspekta hilo ni kosa la pili, juu ya lile la kwanza.

Tuje kwenye kuachana kwenyewe, maana hapa pande zote mbili hushtuka.

Mkataba usio na kikomo hauvunjwi Jumapili asubuhi kwa maneno ya hasira. Kuna preavi, yaani taarifa ya mapema kabla ya kuachana. Patroni akivunja, anatoa siku 14 za kazi zisizopungua, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi usiokatika. Chukua DJ wa miaka 9: 7 mara 9 ni 63, ongeza 14, unapata siku 77 za kazi, na ukihesabu siku sita kwa wiki hiyo ni karibu miezi mitatu. Usipompa muda huo, unamlipa. Isitoshe, preavi peke yake haitoshi, kwa sababu lazima kuwe na sababu halali inayotokana na uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya biashara. Kuachisha bila sababu halali kunaleta fidia, ambayo mahakama inaweza kuipandisha hadi kiasi cha mishahara ya miezi 36. Watu husikia 36 wakaanza kugawana pesa kichwani. Tulizeni mioyo: hicho ni kiwango cha juu kabisa, na hakimu huangalia aina ya kazi, miaka, umri na mengine mengi.

DJ naye ana deni lake. Akiondoka mwenyewe, preavi yake ni nusu ya ile ambayo patroni angempa. Huyu wetu wa miaka 9 anadaiwa kama wiki sita na nusu. Kijana aliyepiga Jumamosi hapa na Alhamisi yake ikawa kwa jirani, akija kwangu na uso wa mtu aliyeonewa, kwanza namuomba barua aliyoacha. Mara nyingi hakuna barua. Kuna status ya WhatsApp yenye machozi na muziki wa huzuni.

Na kosa kubwa je? Wizi wa pesa za mlangoni, kumpiga mteja, kuja mlevi asiyeweza kusimama? Hapo mkataba unavunjwa papo hapo, ila kwa maandishi, na ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipolijua kosa. Patroni wengi hulijua kosa mwezi wa tatu, hulinyamazia kwa sababu sikukuu zinakuja na DJ anajaza ukumbi, kisha hulikumbuka mwezi wa saba wakishapata kijana wa bei rahisi. Muda umeshapita.

Sasa kile kifungu wanachokipenda wenye bwate wote: "DJ hataruhusiwa kupiga muziki mahali popote Lubumbashi kwa miaka mitano." Nimeshakisoma katika karatasi za kila namna, kingine kimenakiliwa neno kwa neno kutoka mkataba wa mhandisi wa mgodi. Kanuni ya kifungu cha 53 cha Code du travail ni kwamba katazo la namna hiyo halina nguvu. Kuna mlango mmoja mwembamba. Linaweza kusimama ikiwa DJ ameachishwa kwa kosa kubwa, au ameondoka mwenyewe bila patroni kukosa. Tena iwe kweli anawajua wateja au siri za biashara kiasi cha kuweza kuidhuru vikali. Tena liguse kazi ileile aliyoifanya kwako. Tena lisizidi mwaka mmoja. Faini mkiiweka, mahakama ikiiona imepita kiasi inaweza kuipunguza. Maana yake, ukimwondoa kwa sababu umechoka na sura yake, huna cha kumkataza. Anaweza kuvuka barabara na kupiga mkabala na mlango wako.

Ubishi mkali uko kwenye yale maneno ya kuwajua wateja. Wenzangu wengine husema DJ anawajua kuliko yeyote: ndiye anayetaja majina kwenye kipaza sauti, ndiye anayejua anivesere, yaani siku ya kuzaliwa, ya nani ni lini. Mimi nina shaka. DJ anaujua umati kwa macho na kwa miguu yao, anajua ni saa ngapi wanataka nini. Namba za simu za wanunua chupa ziko kwa meneja na kwa wale dada wanaopokea meza. Mkitaka kumfunga mtu kwa ajili ya wateja, mfungeni anayeshika daftari la wateja.

Halafu kuna vitu. Sitakaa sana hapa, maana vingi vinaamuliwa na risiti. Kontrola, mashine ya DJ ya kuchanganyia muziki, iliyonunuliwa kwa pesa ya bwate ni ya bwate, hata kama DJ ndiye aliyeibeba mwenyewe kutoka Johannesburg. Fleshi yake ya kuhifadhia nyimbo ni yake, na patroni haruhusiwi kuishikilia rehani. Jambo moja dogo lililoleta ugomvi mkubwa kuliko yote niliyoyasuluhisha ni neno la siri la kile kifaa kinachozuia spika zisiungue. Kwa miaka DJ alikuwa ndiye anayekipanga, akaondoka nalo kichwani, na bwate ikabaki na sauti ya chini wikendi nzima. Neno la siri la chombo cha patroni ni mali ya patroni. Liandikwe, likabidhiwe.

Nyimbo zilizomo kwenye fleshi si za DJ wala za bwate, ni za waliozitunga, na analindwa kila mtunzi na Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Haki za kuzipiga hadharani zinadaiwa na SOCODA, shirika la haki za watunzi, kwa mwenye ukumbi. Kwa hiyo patroni asimtishie DJ kwamba "ameiba miziki ya bwate." Bwate haikuwa na miziki.

Jina la usiku ni kichwa kingine cha maumivu. DJ alibuni jina, bwate ikalipia afishi na redio, umma ukalizoea. Nani analo? Chini ya Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, haki ya pekee juu ya alama ya biashara inapatikana kwa kuisajili, kule Kinshasa kwenye wizara ya viwanda, kwa miaka 10 inayoweza kufanywa upya. Katika kesi zilizopita mezani kwangu karibu hakuna aliyesajili. Basi tunakaa, tunaangalia nani alilitumia kwanza na ukurasa wa Facebook umefunguliwa kwa namba ya simu ya nani, na tunagawana. Mara nyingi ninashauri bwate ibaki na jina na DJ abaki na ukurasa. Patroni hununa, lakini ukurasa unaoonyesha uso wa mtu aliyeondoka utamfaa nini?

Umati haumo katika mkataba wowote. Wanaotaka mfano wa mbali waangalie Chicago. Frankie Knuckles alianza kupiga katika klabu ya Warehouse mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwenye klabu akapandisha kiingilio, naye akaondoka akafungua yake, Power Plant. Wapenzi wake wengi wakamfuata. Mwenye Warehouse, Robert Williams, hakukaa kulia: alifungua Music Box akamweka Ron Hardy, aliyepiga kwa ukali na kasi zaidi, na ikapata watu wake. Mji ukawa na sehemu mbili za kwenda badala ya moja. Patroni wa kwetu nikiwasimulia hayo hunijibu kwamba kule umeme haukatiki. Ni kweli. Hapa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukiondoka saa saba usiku, umati unabaki kwa mwenye jenereta nzuri, DJ awe nani.

Mkishindwa kuelewana, msikimbilie mahakamani moja kwa moja. Mahakama za Kazi, zilizowekwa na Sheria namba 016/2002, hazipokei kesi ambayo haijapita kwanza kwa Inspekta wa Kazi kwa ajili ya usuluhishi. Anawaita nyote wawili, anasikiliza, anaandika. Mkikubaliana mnasaini. Mkikataana, anaandika kwamba mmekataana, na karatasi hiyo ndiyo inayowafungulia mlango wa hakimu. Nenda na tarehe, si na hasira: lini ulianza, usiku gani na gani, kiasi gani, nani alikulipa. DJ wanaokuja kwangu na hadithi ndefu ya jinsi walivyoijenga bwate hunipotezea saa nzima. Anayekuja na picha za skrini za miezi miwili, zamu na malipo, tunamaliza haraka. Azipige mapema, kabla meneja hajamtoa kwenye kundi na kufuta ujumbe wake.