Marahaba si kipimo cha fahamu

"Kitanda cha 6 vaito zake ziko sawa, anajitambua." Maneno haya huyasikia karibu kila ninapopokea zamu, na kwa miaka mingi niliyakabidhi mwenyewe bila kuyafikiria. Juzi nikamuuliza muuguzi mwenzangu, binti mwenye bidii sana: umejuaje kwamba anajitambua? Akasema, "Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba."

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Vaito, yaani vipimo vya msingi vya mwili, wengi wanazijua: joto la mwili, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, presha na kiasi cha oksijeni kwenye damu. Kwa mtu mzima aliyepumzika, joto huwa kwenye 36.5 hadi 37.5, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20, presha karibu na 120 kwa 80, oksijeni kuanzia asilimia 95. Pamoja na hivyo hupimwa hali ya fahamu, yaani mgonjwa yuko macho kiasi gani, na akiwa macho anaelewa kiasi gani yeye ni nani, yuko wapi na ni wakati gani. Ni mambo mawili, ya kuwa macho na ya kuelewa, na sisi tumezoea kupima la kwanza tukaandika la pili.

Nadhani kosa limeanzia kwenye lugha. Mtu akianguka msibani tunasema amezimia, na zimia limetokana na zima, kama taa au moto. Taa ama inawaka ama imezimika. Tukaichukua picha hiyo tukaibandika kwenye fahamu: ama anazo ama amezipoteza. Lakini fahamu ni neno jingine kabisa. Asili yake ni Kiarabu, fahm, kuelewa. Ndiyo maana tunasema milango mitano ya fahamu, na shuleni kuna zoezi la ufahamu, ambalo mwanafunzi hapewi alama kwa kukodolea kifungu macho bali kwa kueleza alichosoma. Mgonjwa aliyefumbua macho na kuongea anaweza kuwa hana ufahamu hata chembe. Taa inawaka, ila mwenye nyumba hayumo.

Sasa rudi kwenye marahaba. Salamu zetu tumezinywa na maziwa ya mama. Mzee wa miaka 80 ameitikia marahaba maelfu kwa maelfu ya mara, imekuwa kama kupepesa kope. Hata "hujambo" na "sijambo", ambazo ndani yake kuna swali halisi, huna jambo? sina jambo, hakuna anayezisikia tena kama swali na jibu. Mtu mwenye homa kali, mwenye deni, mwenye msiba, wote hujibu sijambo kwanza. Salamu ni adabu, na adabu huwa ya mwisho kumtoka mtu. Kwa hiyo inapima kidogo mno.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine. Usiku mmoja kwenye wodi ya wanaume nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akitumia vidonge vya kisukari. Marahaba mwanangu. Hujambo baba? Sijambo. Joto sawa, presha sawa, nikaandika "anajitambua" nikasogea kitanda kinachofuata. Chakula chake cha jioni kilikuwa pembeni hakijaguswa, na sikuuliza. Saa tisa usiku mwanawe akanifuata: "Sista, baba ananituma nikafunge ndama, na sisi hatujafuga tangu nikiwa mdogo." Nilipomshika mzee alikuwa amelowa jasho. Sukari kwenye damu ilisoma 2.1, chini mno. Tulimpa glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache akatutazama mmoja mmoja akauliza hapa ni wapi. Aliyegundua alikuwa kijana wa shambani asiye na kipimo chochote mkononi. Alimjua baba yake tu.

Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, kililiona jambo hili. Macho yana alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6, jumla 15, na ya chini kabisa ni 3. Anayeongea sentensi nzima lakini zilizochanganyika hapati 5 kwenye maneno, anapata 4. Shida ni kwamba 14 kati ya 15 machoni petu ni matokeo ya kumfurahisha mzazi. Hapa si mtihani. Kama jana alikuwa na 15, leo 14 ni habari ya kumwita daktari. Waingereza nao, kwenye chati yao ya tahadhari ya mapema, walikuwa wakiuliza tu kama mgonjwa yuko macho, anaitika sauti, anaitika maumivu au haitiki kabisa. Walipoirekebisha mwaka 2017 waliongeza kuchanganyikiwa kupya, hali hiyo wakaipa alama 3, ambazo peke yake zinatosha kuita msaada haraka.

Na hapa kuna neno jingine linalotuharibia: kuchanganyikiwa. Mtaani ni tusi. Ukiwaambia ndugu kwamba unapima hali ya akili ya mama yao, wanasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. "Mama yetu si kichaa, sista." Na kweli si kichaa. Kilichoanza jana jioni, kikapungua asubuhi na kurudi usiku, kwa kawaida kinatoka mwilini: sukari, maambukizi, oksijeni kidogo, dawa, malaria iliyopanda kichwani kama wasemavyo wenyewe. Kiswahili kina neno safi lisilo na aibu, kuweweseka, nami hulitumia hilo kwa ndugu. Ila kuna wanaoweweseka kimyakimya, wamelala tu, hawasumbui, na sisi tunaandika "ametulia". Hao wananitisha zaidi.

Maswali yenyewe nayo yataka busara. Bibi asiyeishi kwa kalenda usimuulize tarehe. Muulize kama ni asubuhi au jioni, kama ameshaswali alasiri, huyu aliyemletea uji ni nani wake. Na kama anajibu kwa Kisukuma nawe hukijui, usiandike kwamba maneno yake hayaeleweki, tafuta anayekijua.

Kitanda cha 6 nilikwenda mwenyewe. Mzee alijua yuko wapi, alimtaja mjukuu wake kwa jina, akalalamikia chai isiyo na sukari. Kwa hiyo, mdogo wangu, siku hiyo ulichoandika kilikuwa kweli. Kesho mwamkie vilevile, ni mkubwa wako. Akishaitikia, vuta kiti, muulize amefikaje hapa na nani alimleta, kisha kwenye faili andika alichokujibu, kwa maneno yake.