"Mawazo hayaishi, mwalimu": dhana potofu kuhusu taamuli na hadithi

Nafundisha vijana kuandika na kusimulia hapa Mtwara, nikitumia pia taamuli, yaani zoezi la kukaa kimya na kuifuata pumzi, na kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mwalimu, taamuli imenishinda. Nikikaa kimya ndiyo kwanza mawazo yanazidi." Kijana anayesema hivyo anaacha taamuli, na baada ya muda anaacha na kuandika, akiamini hakujaliwa kichwa cha msanii. Inaniuma, kwa sababu alichonieleza ni taamuli yenyewe, na alikuwa anaifanya sawasawa.

Hakuna aliyekuagiza uwe na kichwa kitupu! Unakaa, unaifuata pumzi, linakuja wazo: ada ya mtoto, bei ya korosho mnadani, neno alilokuchoma nalo shemeji. Unagundua kwamba umeshahama, unarudi kwenye pumzi. Kule kugundua na kurudi ndiko zoezi lenyewe, kwa hiyo aliyehama mara hamsini na kurudi mara hamsini amefanya kazi kubwa. Ubongo hauzimiki. Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake, huko Marekani, walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo zinazochangamka zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu. Hapo ndipo ya jana na ya kesho yanapokutana. Mtunzi wa hadithi atataka nini zaidi?

Tena taamuli si ya aina moja, jambo ambalo wanaoifundisha hulipita haraka mno. Mwaka 2012 Lorenza Colzato na wenzake wa Leiden, Uholanzi, waliwapima watu waliokwisha kuizoea. Walipofanya ile ya kuyatazama mawazo yakija na kupita, walivibunia vitu vya kawaida matumizi mengi zaidi. Ile ya kukaza fikra kwenye kitu kimoja haikuwapa faida hiyo. Washiriki walikuwa 19 tu, kwa hiyo siinadi kama dawa. Ila wanafunzi wangu nawaambia: ukiwa unatafuta hadithi, yaache mawazo yapite, ukiwa unaisahihisha, shika pumzi.

Wengine huniambia taamuli ni dini ya watu wengine. Mwislamu ana dhikri, Mkatoliki ana rozari, na kufuata pumzi hakumtoi yeyote kwenye imani yake. Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliipeleka taamuli kwa wagonjwa wa maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, pasipo ibada yoyote.

Kwenye usimulizi nako ipo dhana potofu, kwamba msimulizi hodari ni aliyekariri. Watafiti wa Marekani Milman Parry na Albert Lord waliwasikiliza waimbaji wa tendi wa Yugoslavia miaka ya 1930, wakakuta wanatunga papo hapo, kwa mafungu ya maneno waliyoyazoea. Sikiliza asili ya Wamakonde inavyosimuliwa: mtu alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke; watoto waliozaliwa bondeni na mtelemkoni wakafa, wa juu uwandani akaishi. Mifupa ni hiyo. Msimulizi mmoja atakawia kule bondeni mtoni, mwingine atakimbilia Newala, juu uwandani, na wote wawili wameisimulia hadithi ileile.

Kwa hiyo sikubali kabisa mtu anaposema hadithi za wazee zitamfanya awe mwigaji. Samaki Likankoa, anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani katika uchongaji wa Kimakonde miaka ya 1950, aliwatoa kwenye mpingo majini ambao watu wake walikuwa wakiwasimulia tangu zamani, na umbo likawa jipya kabisa. Anayeogopa kuiga aanze na hadithi ya bibi yake. Amsimulie mtu, uso kwa uso, bila daftari wala simu mkononi. Kesho amsimulie mwingine, keshokutwa wa tatu, ndipo aandike. Atapaona mwenyewe pale alipoanza kusema yake.