Salfa, panya wa maabara na karanga zenye ukungu: yanayosemwa na yaliyopimwa

Kuanzia Juni, mikorosho inapoanza kutoa maua, vumbi la njano la salfa hutanda alfajiri toka Tandahimba hadi Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na maneno nayo hutanda. Salfa inaleta kansa. Dawa za maji ndizo mbaya zaidi. Huko zilikotoka walizijaribu kwa panya, wakaona zinaua, wakatuletea sisi. Maneno haya yanasemwa kwenye ofisi za vyama vya msingi na kwenye mabasi ya Masasi, na mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi. Sitaki kuyabeza. Anayebeba mashine ya kupulizia mgongoni ana haki ya kujua anavuta nini, na kwa sababu hiyohiyo ana haki ya kujibiwa sawasawa.

"Salfa inaleta kansa"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lenye ushahidi mdogo zaidi. Salfa haimo katika orodha ya visababishi vya saratani ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, na ilipojaribiwa kwa bakteria haikubadili vinasaba vyao. Kosa ni kuishia hapo na kusema basi haina neno. Unga wake unachoma macho, unawasha ngozi na kukwaruza njia ya hewa, na mwenye pumu huteseka zaidi. Kijana anayepulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, asubuhi nzima, kinga yake ikiwa ni fulana aliyojifunga puani, anaumia kweli. Miwani, barakoa na nguo za mikono mirefu vinamhusu hata kama saratani haimo katika hesabu.

"Yenye utepe wa kijani haina madhara"

Hii inanisumbua kuliko nyingine zote, kwa sababu wanaoiamini ni watu makini, wale wanaosoma lebo. Nyekundu, njano, bluu na kijani zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na zinajibu swali moja tu: ikikuingia kwa wingi leo, itakudhuru upesi kiasi gani? Kipimo chake ni kiasi kinachoua nusu ya panya waliopewa. Saratani huchukua miaka, na rangi ile haiizungumzii kabisa.

Chukua kabendazimu, dawa ya kuua ukungu. Kwa sumu ya papo hapo ni miongoni mwa zile dhaifu kabisa, daraja la kijani. Lakini inavuruga nyuzi zinazogawanya kromosomu seli inapojigawa, hata seli moja ikapata pungufu na nyingine ikapata za ziada. Umoja wa Ulaya unaihesabu kuwa kemikali inayoweza kuharibu vinasaba vya kurithiwa, na idhini yake kwa mazao huko ilikoma mwishoni mwa 2014. Kijani ni kijani cha leo. Ya miaka kumi ijayo yanatafutwa kwa vipimo vingine.

"Wanachoangalia ni kama panya amekufa"

Kipimo cha kwanza hakina panya hai hata mmoja. Kilibuniwa na Bruce Ames huko Berkeley, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanatumika bakteria wa salmonela wenye jeni mbovu, wasioweza kujitengenezea histidini wanayoihitaji ili wakue. Wakiwekwa kwenye sahani isiyo na histidini ya kutosha, hawaendelei. Ukiongeza kemikali na makundi ya bakteria yakachipuka kwa wingi, ujue kemikali hiyo imegusa vinasaba vyao hadi wengine wakarudishiwa uwezo waliopoteza. Kwenye sahani hiyo huongezwa pia maji ya ini la panya, kwa kuwa kemikali nyingi huingia mwilini zikiwa pole, na ini lenyewe ndilo linalozigeuza kuwa kali.

Kabendazimu ingepita hapo, maana bakteria hawana nyuzi zile. Ndiyo sababu kuna kipimo cha pili. Panya anapewa kemikali, kisha uboho wake unaangaliwa kwa darubini. Chembe nyekundu ya damu ikikomaa hutupa kiini chake nje. Chembe changa nyingi zikionekana zimebaki na vipande ndani, kuna kromosomu zilizokatika au zilizoachwa nyuma. Hakuna anayesubiri panya afe. Kinachohesabiwa ni hivyo vipande.

Kipimo cha saratani chenyewe huja mwishoni na ni kirefu: panya wa aina kubwa (rat) kwa miaka miwili, panya wa aina ndogo (mouse) mara nyingi kwa miezi 18 au zaidi, kila siku wakila au kuvuta kemikali hiyo. Angalau madume 50 na majike 50 kwa kila kiwango, viwango vitatu, na kundi la nne lisilopewa kitu. Baadaye viungo vyao hukatwa vipande vyembamba na kuchunguzwa kimoja kimoja. Na panya hao si samaki nchanga, yaani wale panya wa porini wanaotegwa mashambani Newala. Ni wa koo zinazofugwa vizazi na vizazi, ambazo uvimbe wao wa uzeeni unajulikana mapema, ili usije ukasingiziwa dawa.

"Dozi wanazopewa ni za ajabu, kwa hiyo majibu hayana maana"

Hapa panahitaji subira. Ni kweli dozi huwa kubwa. Kemikali inayompa saratani mtu mmoja kati ya elfu moja ni janga kwa mkoa mzima, lakini katika kundi la panya 50 haitaonekana. Wanasayansi huongeza dozi ili panya wachache waweze kuonyesha hatari ambayo kwa dozi ndogo ingehitaji maelfu ya wanyama, kisha hushuka kwa hesabu hadi kiwango anachokutana nacho binadamu.

Njia hii huweza kupotosha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sakarini, ile sukari bandia, ilishukiwa baada ya panya kupata uvimbe wa kibofu. Baadaye ikabainika kwamba dozi kubwa mno zilikuwa zikitengeneza chembechembe kwenye mkojo wa panya dume, jambo lisilotokea kwa binadamu, na mwaka 2000 Marekani ikaiondoa kwenye orodha yake ya vinavyoshukiwa kuleta saratani.

Ila si kila jaribio ni la dozi za ajabu. Mwaka 1974 yalichapishwa matokeo ya panya waliolishwa sumukuvu (aflatoksini), sumu ya ukungu wa karanga na mahindi. Waliopewa mikrogramu 100 kwa kila kilo ya chakula walikuwa 28, na wote 28 walipata saratani ya ini. Kwa mikrogramu 15, walikuwa wanne kati ya 21. Kikomo cha sumukuvu zote kwa mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na karanga zilizooza huweza kupita 100 kwa urahisi. Dozi ile ya maabara inaweza kukutwa kwenye kikapu cha jikoni.

"Panya si mtu"

Kweli, si mtu, na hata panya na panya si sawa. Sumukuvu hiyohiyo inayomwangamiza panya mkubwa huhimiliwa vizuri sana na panya mdogo, kwa kuwa ini lake lina kimeng'enya kinachoikamata sumu kabla haijagusa vinasaba. Ini la binadamu halina kinga hiyo kwa kiwango kile. Kama wangepimwa panya wadogo peke yao, sumukuvu ingeonekana haina neno. Ndiyo maana hupimwa aina mbili za wanyama, na swali la msingi huwa: mwili wa mtu unaishughulikia kemikali hii kama nani?

"Uvimbe kwa panya maana yake vinasaba vimeharibika"

Si lazima. Tebukonazoli, ya lile kundi la triazole lenye dawa nyingi za maji za mikorosho, ilileta uvimbe wa ini kwa panya wadogo kwa dozi kubwa bila kuonekana ikiharibu vinasaba. Marekani iliiweka kwenye daraja la "huenda inaleta saratani". Kwa kemikali za namna hiyo, kiwango kidogo kisicho na athari huweza kutafutwa. Kwa zinazovunja DNA, wapimaji hawadhani kwamba kipo kiwango salama kabisa.

"Sisi ndio panya wa majaribio"

Dawa haisajiliwi nchini bila jalada la vipimo kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Hivyo, dawa isiyo na namba ya usajili usiinunue, hata kwa bei ya bure. Lakini hasira ya watu ina msingi wake: zipo dawa zilizokataliwa Ulaya zinazoendelea kuuzwa kwingine, na mkulima ana kila sababu ya kuuliza kwa nini.

"Ubaya uko kwenye kemikali za kiwandani, cha shambani ni salama"

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga kutoka Brazil. Uchunguzi ukamfikia kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na sumu yake ikaja kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa kwa uhakika zaidi. IARC imeiweka Kundi la 1, la vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Ini huigeuza ikajishikiza kwenye DNA yenyewe. Hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Hapa kwetu, mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara.

Na sisi wa Masasi na Nanyumbu tunaishi na karanga. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimetupa mbegu zenye majina ya kwetu, Mangaka 2009, Mnanje 2009, Nachingwea 2009, lakini mbegu nzuri haimzuii kuvu anayesubiri unyevu. Wapo wanaolowesha maganda ili kumenya kuwe rahisi, na hapo ndipo anapopata nafasi. Karanga zikauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa, zimenywe kavu, na zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu zitolewe. Kuzikaanga kunapunguza sumu lakini hakuimalizi. Kuzisaga na nzuri kunazificha tu. Kuwapa bata ndiyo mbaya kabisa: vifaranga vya bata huathirika upesi mno na sumu hii.

Mwenye virusi vya homa ya ini B yuko hatarini zaidi: kwa sumukuvu ileile, uwezekano wake wa kupata saratani ya ini unakadiriwa kuwa mara 30 ya mtu asiye navyo. Chanjo ya homa hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kipimo chake ni cha damu, na asiye na virusi anaweza kuchanjwa hata akiwa mtu mzima.