Dipoli ni ncha mbili, si milingoti miwili

Nimelisikia tena lile dai kwamba dipoli, ile antena ya waya, lazima ifungwe kwenye milingoti miwili, safari hii kutoka kwa kijana aliyepata leseni ya redio ya ridhaa majuzi na ambaye tayari ana hamu ya kupanda mlima na redio yake mgongoni. Nikamwuliza atatumia antena gani. "Ningependa dipoli," akasema, "lakini nani atabeba milingoti miwili mpaka kileleni?" Kwa hiyo alikuwa anapiga hesabu ya kununua antena fupi ya chuma yenye koili, ghali kuliko buti zake, ambayo ingerusha sehemu ndogo tu ya nguvu ya redio na nyingine kuigeuza joto. Sikumlaumu. Waliomfundisha walimwambia hivyohivyo, na nimekwisha kusoma maelekezo mengi mno yanayoanza na "tafuta miti miwili".

Maana yenyewe haichukui nafasi. Dipoli ni vipande viwili vya waya vilivyo sawa kwa urefu, vinavyoelekea pande mbili. Katikati, pale vinapokaribiana bila kugusana, ndipo inapoungwa kebo ya redio: waya wa ndani wa kebo kwenye kipande kimoja, msuko wa nje kwenye kingine. Vipande vyote viwili kwa pamoja vina urefu wa takriban nusu ya wimbi. Chukua 142.5, ugawe kwa masafa yako, yaani mitetemo ya wimbi kwa sekunde, kwa megahezi (mamilioni), upate mita. Kwa megahezi 14.1 ni mita 10.1, yaani mita 5 na sentimita 5 kila upande. Basi. Hakuna mahali nilipotaja mti.

Sasa tuje kwenye neno, maana ndiko kosa lilikozaliwa.

Kiingereza kina neno "pole" lenye maana ya nguzo au ufito. Asili yake ni Kilatini, palus, kigingi cha kuchomeka ardhini. Kina "pole" jingine, linaloandikwa na kutamkwa vilevile, ambalo halina hata chembe ya undugu na lile la kwanza. Hili la pili ni la Wagiriki: polos, mhimili, yaani kitu ambacho vingine huzunguka juu yake. Walitazama anga la usiku likigeuka taratibu huku sehemu moja ikibaki imetulia, wakaipa sehemu hiyo jina hilo. Ndilo lililozaa kile ambacho sisi tunakiita Ncha ya Kaskazini. Kutoka kwenye dunia neno likahamia kwenye sumaku, ambayo kila mwanafunzi anajua ina ncha mbili, kisha kwenye umeme, chanya na hasi. "Di" ni mbili, kwa Kigiriki hichohicho. Dipoli, basi, ni kitu chenye ncha mbili zinazopingana kiumeme. Mwalimu wa kemia anaposema molekuli ya maji ni dipoli, hakuna anayemwuliza imefungwa kwenye miti gani.

Mwingereza ana udhuru wa kuchanganya, kwa kuwa lugha yake ilimpa maneno mawili yenye sura moja. Sisi udhuru huo hatuna. Kiswahili kiliweka nguzo, mlingoti na ufito upande mmoja, na ncha upande wake, havigusani. Tumeagiza utata kutoka nje wakati nyumbani tulikuwa na neno safi. (Kuna na wanaoisoma "dipole" kama tunavyompa pole mgonjwa. Hao angalau wanachekesha, wala hawamzuii mtu kupanda mlima.)

Kinachonifurahisha ni kwamba, kati ya maneno dipoli na antena, lenye mti ndani yake ni lile ambalo hakuna anayelishuku: antena. Kwa Kilatini antenna ilikuwa foromali, ule mti unaobeba tanga na kuning'inia kwenye mlingoti wa chombo. Katika karne ya 15 Theodorus Gaza, Mgiriki aliyefasiri vitabu vya Aristotle kuhusu wanyama kwenda Kilatini, alikutana na neno la Kigiriki keraia, lililotumika kwa vipapasio vya wadudu na pia kwa foromali ya jahazi. Akachagua antenna. Ndivyo mende alivyopata foromali zake mbili kichwani. Kwa Kiitaliano neno liliendelea kuwa na maana ya mlingoti, hata ule wa bendera. Marconi, Mwitaliano mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, alipoanza kuinua waya zake juu ya milingoti mirefu mwishoni mwa karne ya 19, jina la mti likateleza likaukalia waya. Kwa hiyo anayetaka kung'ang'ania kwamba mlingoti umo ndani ya jina ang'ang'anie neno "antena". "Dipoli" aiache.

Zile ncha mbili ni zipi hasa? Ni miisho ya waya wako. Redio inaposukuma chaji kuelekea mwisho mmoja, inaivuta kutoka mwisho wa pili. Kwa lahaza fulani huku ni chanya na kule ni hasi, kisha vinabadilishana, na kwenye megahezi 14.1 mabadilishano hayo hukamilika mara milioni 14.1 kwa sekunde. Heinrich Hertz alipothibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio kule Karlsruhe, Ujerumani, kati ya 1886 na 1888, alitumia umbo hilihili: vipande viwili vya metali vilivyotazamana, cheche ikiruka katikati. Vilikuwa mezani, ndani ya chumba.

Mkondo wa umeme, tofauti na chaji, haujazani miishoni. Mwishoni hauna pa kwenda, ni sifuri. Unakuwa mkubwa kabisa katikati, pale kebo inapoungwa, na mkondo ndio unaorusha wimbi. Ukilielewa hilo, suala la miti miwili linajifuta lenyewe: sehemu inayostahili kuwa juu ni katikati, na katikati ni moja. Ufito mmoja unatosha. Unainua kitovu cha antena, mabawa mawili yanateremka kushoto na kulia kama paa la nyumba, na miisho inafungwa kwa uzi kwenye vigingi, mawe au vichaka. Wenye kazi yao huiita V iliyopinduliwa. Jihadhari tu pembe kati ya mabawa isipungue nyuzi 90, la sivyo yanaanza kufutana nguvu. Na kuinamisha huku kuna faida yake: dipoli iliyonyooka, mbali na kila kitu, huonyesha ukinzani wa omu 73 hivi, na ukiyateremsha mabawa unashuka kuelekea omu 50, ambao ndio redio na kebo zetu zimetengenezewa. Anayelazimika kuinamisha kwa kukosa mti wa pili, basi, hajapunjwa sana.

Kutengeneza ni kazi ya jioni moja. Waya wowote mwembamba wenye ganda la plastiki unafaa, wa spika au wa kengele ya mlango, ambao huuzwa nyuzi mbili zikiwa zimeshikana: zichane ukapata mabawa yote mawili kwa mkupuo. Mita 10 za waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.5 zina shaba ya gramu 45 tu. Kihami cha katikati, kinachovitenga vipande viwili visigusane, kinaweza kuwa kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia mboga, chenye matundu matatu, waya ukipitishwa na kurudishwa ili mvuto uangukie plastiki, kiungo kilicholehemewa kisibebe uzito. Kata waya mrefu kidogo kuliko hesabu, halafu punguza pande zote mbili sawasawa, kwa sababu ganda la plastiki hulifanya wimbi lione waya ni mrefu kuliko ulivyo. Kwenye megahezi 14 kila sentimita 5 unazopunguza kwa kila bawa hupandisha masafa kwa kilohezi 140 hivi. Mimi sikati. Naukunja mwisho wa waya na kuusokota juu yake wenyewe, maana waya uliokatwa haurudi.

Ukitaka masafa zaidi ya moja, weka kwenye kila bawa viungo vya kufungua na kufunga njiani: kimoja mita 5 na sentimita 5 kutoka katikati, kingine mita 7 na sentimita 5, na waya wote uishie mita 10 na sentimita 3. Vyote vikiwa wazi una megahezi 14.1. Ukifunga cha kwanza una 10.1, ukifunga vyote una 7.1. Unatembea kwenye kila bawa kufunga na kufungua, lakini kileleni kutembea kidogo hukupasha mwili joto.

Kebo ndiyo inayotaka uamuzi. Ile nene ya kawaida, RG-58, ni mzigo. Ile nyembamba ya milimita 2.8, RG-174, inaingia mfukoni, lakini mita 10 zake kwenye megahezi 14 hula karibu robo ya nguvu yako. Mita 5 au 6 zinatosha kushuka kutoka kwenye ufito mpaka ulipoketi, na hasara hiyo inavumilika. Zungusha kebo mara nane au kumi chini ya kihami, au ipitishe kwenye pete ya feriti (kauri yenye chuma), ili mkondo usishuke kwenye upande wa nje wa msuko. Usipofanya hivyo kebo inageuka bawa la tatu, na dipoli yenye ncha tatu ni jambo ambalo Wagiriki hawakulipa jina.

Ufito wenyewe ni ule wa kuvulia samaki, wa fiba ya kioo, wenye vipande vinavyoingiana. Mita 6 zinatosha. Usichukue wa kaboni: kaboni hupitisha umeme na itaivuruga antena. Na usiinue kitu chochote karibu na nyaya za umeme, wala usibaki na ufito kileleni ngurumo zikianza.

Kuna wenzetu watakaosema haya yote ni ya kizamani, kwamba siku hizi mpanda mlima hubeba ile nusu wimbi inayoungwa kebo mwishoni, waya mmoja tu, unatupwa juu ya tawi, basi. Ni antena nzuri na ninayo. Kinachonikera ni maneno yanayofuata: "hii haina upande wa pili". Haiwezekani. Mwishoni mwa waya ukinzani ni mkubwa sana, omu elfu mbili na kitu, ndiyo maana kuna kile kiboksi chenye transfoma ya 49 kwa 1 ya kuushusha ufikie omu 50 hivi, mizunguko 2 upande mmoja na 14 upande mwingine. Kwa wati 5 kwenye omu 2,500, mkondo pale ni miliampea 45, wakati dipoli iliyoungwa katikati kwa omu 50 huchukua 316. Mkondo umekuwa mdogo, haujakuwa sifuri, na huo mdogo nao lazima utoke mahali. Usipoupa kipande kifupi cha waya utapanda msuko wa kebo yako mpaka kwenye redio, na watu husema maikrofoni inawauma midomo bila kujua ni nini kimewauma. Hata antena ya wima iliyochomekwa ardhini, ile iliyobeba jina la Marconi, inaitumia ardhi kama nusu yake ya pili. Ncha ya pili ipo siku zote. Tofauti ni kama umeipanga wewe au imejipanga yenyewe.

Nilirudi kwa kijana yule na bunda la waya lililoenea kwenye kiganja, kebo ikiwa imezungushiwa juu yake. Akalipima kwa mkono, akauliza milingoti iko wapi. Nikamwonyesha ufito mmoja uliofungwa ubavuni mwa mkoba wangu.

"Huo ndio nusu ya dipoli?"

"Huo ni ufito tu, mwanangu. Dipoli unayo mkononi."

Akaufungua waya taratibu, akaushika mwisho mmoja na kuniachia mwingine, tukarudi nyuma kila mtu upande wake mpaka ukanyooka.