Sasambua: maana yake, na kwa nini inatangulia kupanga

Katika baadhi ya hospitali za Tanzania utakuta ukutani bango lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hizo ndizo S tano, hatua za kupanga na kutunza mahali pa kazi. Utaratibu huu ulizaliwa viwandani Japani, na huko pia majina yake yote yanaanza na S: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuutumia mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, na baadaye ukaenea kwenye hospitali nyingine. Leo nataka tukae na neno la kwanza, kwa sababu nyumbani ndilo watu wanaloliruka.

Kusasambua, kwa maana yake ya siku zote, ni kuvua nguo, au kufungua kitu kilichofungwa mpaka kikabaki wazi. Aliyelichagua neno hili alichagua vizuri sana. Kusasambua chumba ni kutoa nje kila kilichojificha, ukakitazama, kisha ukatenga: hiki tunakitumia, hiki hatukitumii, hiki sina uhakika nacho. Kufagia na kupiga deki ni Safisha, S ya tatu. Kuweka kila kitu mahali pake ni Seti, S ya pili. Ukianza na hizo, unayapangia makorokoro makazi ya kudumu.

Chukua droo moja tu ya jikoni. Juzi niliimimina yangu yote juu ya mkeka. Zikatoka chaja nne za pini nyembamba, na humu ndani hakuna simu hata moja inayoingia pini hiyo. Zikatoka funguo za makufuli yasiyojulikana yako wapi, kisu kisicho na mpini, betri zilizovuja, mfuniko wa hotpoti iliyokwisha kuvunjika, na rambo zilizokunjwa vizuri za tangu kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019. Chini kabisa ilikuwepo kadi ya kliniki ya mtoto. Kuna usiku mtoto alichemka homa, tukaitafuta kadi hiyo chumba kwa chumba, mwishowe tukaondoka bila kadi. Kumbe haikupotea. Ilikuwa imefunikwa na vitu ambavyo hakuna mtu alivihitaji.

Ndiyo maana hospitali zimeshika utaratibu huu. Muuguzi anayetafuta dawa ya dharura kwenye kabati lililojaa chupa tupu na fomu za zamani anapoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Najua kwa nini tunaweka. Akiba haiozi, na katika nyumba ambayo fedha huja kwa kupimwa, kopo tupu la siagi ni chombo cha chumvi cha kesho. Hilo siligombi. Ila makopo mawili yakitumika na kumi na mawili yakilala, hayo kumi na mawili yanakula nafasi tu. Kanga ya marehemu mama ni jambo jingine. Kuitunza ndiyo kazi yake, na hakuna S inayokudai uitoe.

Fungu gumu ni lile la "sina uhakika". Viwandani hutumia kadi nyekundu: kitu chenye shaka kinafungwa kadi yenye tarehe, kinawekwa pembeni, na kama muda uliokubaliwa umepita bila mtu kukihitaji, kinaondoka. Nyumbani boksi moja linatosha. Andika tarehe juu yake, lifunge, lipeleke stoo. Njia hii inaleta amani hasa pale vitu vinapokuwa vya mwenzako au vya mama mkwe, maana hakuna aliyetupiwa chochote. Na vya mtu mwingine usivisasambue akiwa hayupo, hata kama ni gazeti la mwaka juzi.

Kinachoondoka nacho kina njia zake. Vyuma wanunuzi wa skrepa wanapita mtaani, nguo zina ndugu na majirani, chupa zina waokotaji. Cha kwenda jalalani hasa hubaki kidogo kuliko ulivyodhani.

Hapo sasa Seti inakuwa kazi nyepesi. Cha kila siku kinakaa kati ya kiuno na macho, cha sikukuu kinapanda juu ya kabati. Kibiriti kinakaa karibu na jiko. Kwetu kadi ya kliniki, vyeti vya kuzaliwa na kadi za bima vimeingia kwenye bahasha moja ya kaki, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, na hata mtoto wa miaka saba anajua ilipo.