Kupunguzwa kazi kwenye kampuni za simu: yanayosemwa vijiweni na yaliyopo

Kampuni kubwa ya simu ikitangaza kupunguza watu, kila kijiwe kinapata mchambuzi wake. Mmoja atasema kampuni imefilisika, wa pili kazi zimepelekwa India, wa tatu kompyuta zimetumaliza. Maneno haya yangekuwa porojo tu kama yasingekuwa na gharama, lakini kuna watu wamepoteza malipo ya miaka kumi kwa kuyaamini. Nianze na lile ambalo Afrika Mashariki tumelisikia zaidi.

“Airtel ilipeleka kazi zetu India”

Juni 2010 Bharti Airtel ya India ilikamilisha ununuzi wa mtandao wa simu wa Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zilikuwa humo. Airtel ilikuja na mtindo iliouanza kwao mwaka 2004, wakati mitambo ya mtandao ilipokabidhiwa kampuni kama Ericsson na mifumo ya kompyuta ikapewa IBM kwa mkataba wa miaka 10. Kilichowashangaza wenye biashara hiyo wakati ule ni namna ya kulipana. Airtel haikununua mitambo ikae ikisubiri wateja. Ililipia uwezo wa mtandao kadiri ulivyotumika. IBM nayo ililipwa sehemu ya mapato. Wateja wakiongezeka, mkandarasi anapata. Wakipungua, anaumia naye. Ndivyo walivyoweza kuuza dakika kwa bei ya chini na bado wakabaki na faida.

Huku kwetu mambo yakaenda vilevile. IBM ilipewa kompyuta Septemba 2010, huduma kwa wateja zikagawiwa Tech Mahindra, Spanco na IBM hiyohiyo, na mitambo ikaangukia Ericsson, Huawei na Nokia Siemens. Mtu akisikia majina hayo akili inakimbilia Delhi moja kwa moja.

Lakini fikiria mama wa Mbeya aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake, anapiga simu huku analia. Nani atamsikiliza kutoka Delhi, kwa Kiswahili gani? Simu ziliendelea kupokelewa humu humu, na Wakenya, Watanzania na Waganda, baadhi yao walewale waliokuwa wa Zain. Kilichobadilika ni jina la mwajiri kwenye hati ya mshahara. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo hasara, na ndipo watu wasipoangalia.

“Nikihamishiwa kwa mkandarasi, kazi ni ileile”

Kwa macho, ni ileile kweli. Dawati halijasogea, hedifoni ni zilezile, na simu ikiingia unaikaribisha kwa jina la kampuni ya simu kama jana. Beji ya shingoni tu ndiyo imebadilika. Na kwenye skrini, saa ndogo inayohesabu urefu wa kila simu inaanza kuwa na uzito mpya, kwa sababu mwajiri mpya analipwa kwa mkataba wenye vipimo: simu ngapi zimepokelewa, kwa muda gani, ngapi zimekatika kabla ya kujibiwa. Mama wa Mbeya anahitaji dakika kumi. Mkataba unataka ahudumiwe kwa tatu.

Kisheria, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kampuni ikiuzwa kwa njia ya hisa, mwajiri wako habadiliki. Nchini Kenya mtandao ulioanza mwaka 2000 kama KenCell ukawa Celtel 2004, Zain 2008 na Airtel 2010. Aliyeingia siku ya kwanza angeweza kuvaa fulana nne za rangi tofauti bila mkataba wake kukatika, kwa sababu walioondoka ni wenye hisa.

Kukabidhi idara nzima kwa kampuni nyingine ni habari tofauti kabisa. Uingereza ina kanuni za mwaka 2006 zinazolazimisha mkataba wa mfanyakazi uhame naye, pamoja na masharti na miaka yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haina kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo ama mwajiri wa zamani amalizane nawe kwa kukulipa haki zako za kupunguzwa, ama pande tatu zikubaliane kwa maandishi kwamba mwajiri mpya anaitambua miaka yako. Ukisaini barua isiyosema lolote kati ya hayo, kwa mwajiri mpya wewe ni mgeni wa juzi.

Tuweke hesabu. Kenya, aliyepunguzwa hulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioukamilisha. Ukiwa na miaka 12 na mshahara wako kwa siku ni shilingi 3,000, hizo ni siku 180, yaani 540,000. Ukihamishwa bila miaka hiyo kutambuliwa, kisha mkandarasi akakupunguza baada ya miaka 2, hesabu inakuwa siku 30: shilingi 90,000. Tanzania sheria ni bahili zaidi: kiinua mgongo ni siku 7 kwa mwaka na hakivuki miaka 10. Mwenye miaka 12 na mshahara wa shilingi 50,000 kwa siku atapata 3,500,000, sawa na mwenye miaka 10 kamili au 20.

Kwa hiyo barua ya uhamisho ikifika, achana kwanza na aya za shukrani. Tafuta tarehe ya kuanza kazi waliyoiandika. Ikiwa ni ya mwezi ujao, uliza miaka yako imeandikwa wapi.

“Wakipunguza watu, ujue wanafilisika”

Mei 2023, BT, kampuni ya simu ya Uingereza, ilisema itapunguza kati ya watu 40,000 na 55,000 kufikia mwisho wa muongo, kutoka jumla ya watu 130,000 hivi, wakandarasi wakiwemo. Mwaka huohuo wa fedha ilikuwa imepata faida ya pauni bilioni 1.7 kabla ya kodi. Wiki hiyohiyo Vodafone nayo ilitangaza kupunguza 11,000 katika miaka mitatu.

Vichwa vya habari vilidaka akili unde (AI), na ndiyo dhana nyingine hiyo. BT ilihusisha takriban nafasi 10,000 na mifumo ya kidijitali na akili unde. Fungu kubwa zaidi lilitokana na kitu cha kawaida mno: kazi ya kutandaza nyaya za faiba ilikuwa inaelekea kuisha, na faiba haiharibiki ovyo kama nyaya za shaba, hivyo mafundi wa kuchimba na wa kurekebisha wasingehitajika wengi kama zamani. Roboti hajamnyang'anya mtu koleo; koleo lenyewe ndilo limekosa kazi.

Kampuni kuungana nako huleta panga la kupunguza watu mapema. Februari 2019 Airtel na Telkom zilitangaza kuunganisha biashara zao Kenya. Katikati ya mwaka huo Telkom ikatoa taarifa kwamba wafanyakazi 575 watapunguzwa. Agosti 2020 mpango wenyewe ukavunjwa.

“Mlinzi wa mnara ni mtu wa mtandao fulani”

Kwa kawaida siyo, na hata mnara si wa mtandao huo. Vodacom Tanzania iliiuzia Helios Towers, kampuni ya minara, minara yake mwaka 2013, na Airtel Tanzania ikauza ya kwake miaka iliyofuata. Mitandao hukodi nafasi juu ya mnara mmoja, wakati mwingine miwili au mitatu pamoja. Fundi wa jenereta na askari wa getini wana waajiri wao wengine, kwa hiyo mishahara yao ikichelewa hakuna haja ya kwenda kupiga kelele duka la laini.

“Ni uamuzi wa mwajiri, hakuna la kufanya”

Nusu ya kwanza ina ukweli. Mwajiri ana haki ya kupunguza watu na ya kukabidhi kazi nje. Hata Mahakama ya Kazi ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Wrigley mwaka 2013, haikupinga kazi kutolewa kwa wakandarasi. Ilichokataa ni njia hiyo kutumiwa kukwepa wajibu kwa wafanyakazi. Lakini kuna utaratibu. Kifungu cha 40 cha sheria ya Kenya kinataka chama cha wafanyakazi (au mfanyakazi mwenyewe kama hana chama) na ofisa wa leba wajulishwe angalau mwezi mmoja kabla, na uchaguzi wa nani aondoke uzingatie muda kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu. Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua na malipo, kabla ya kutekeleza. Mkutano wa dakika ishirini wa kutangaziwa majina si mashauriano.

Kisha ile fomu ya mwisho, “nimelipwa haki zangu zote na sitadai tena.” Wengi wakishaisaini hudhani mlango umefungwa. Mahakama ya Rufani ya Kenya, kwenye kesi ya De La Rue mwaka 2013, ilisema fomu ya aina hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wa kisheria. Usichekelee haraka, maana mwaka 2018, kesi ya Coastal Bottlers, mahakama hiyohiyo ilimbana mfanyakazi aliyekuwa amesaini makubaliano kwa hiari yake akijua anachosaini. Kwa hiyo usome kabla ya kalamu kugusa karatasi, na uombe nakala. Na uangalie kalenda: anayedai kuachishwa isivyo halali Kenya ana miaka 3 ya kufungua shauri, lakini wa Tanzania anatakiwa awe amefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.