Mchoro huu utakunjika boksi au hautakunjika?

Vijana wanaojiandaa na usaili wa kazi huniletea yale maswali ya miraba sita: mchoro upi kati ya hii ukikunjwa utatoa mchemraba? Wananiletea kwa sababu kazi yangu ni kuchora maboksi ya keki na zawadi kwa wachapaji wa Kariakoo. Karibu wote huanza kulikunja boksi kichwani. Acheni hiyo. Ukifika mkunjo wa tatu umeshasahau wa kwanza ulielekea wapi. Sisi kwanza tunatafuta sababu ya kuukataa mchoro.

Miraba sita inaweza kuunganishwa ubavu kwa ubavu kwa namna 35, na ni 11 tu zinazotoa mchemraba. Nyingi zinakufa mapema. Ukiona miraba miwili juu ya miwili, kataa: kona ya mchemraba hukutanisha nyuso tatu, na minne inajaza nyuzi 360 zote, kona haiwezi kuinuka. Mitano kwenye mstari mmoja, kataa pia, wa tano utaangukia juu ya wa kwanza.

Mchoro ukipona hapo, angalia nyuso zinazotazamana. Kwenye mstari ulionyooka, wa kwanza hutazamana na wa tatu, wa pili na wa nne. Kwa hiyo mstari wa minne umeshamaliza kuta zote. Miwili iliyobaki ni kitako na kifuniko, na lazima mmoja awe upande huu wa mstari, mwingine upande ule. Popote kwenye urefu wa mstari ni sawa, na hapo unapata michoro 6 kati ya ile 11. Ikikaa yote upande mmoja, una vifuniko viwili na hakuna kitako. Keki itaishia kwenye kiti cha bajaji.

Michoro mitano iliyobaki haina mstari wa minne, na hiyo ndiyo huwachanganya watu. Chukua penseli. Tafuta kona iliyoingia ndani, pale miraba mitatu inapozunguka nukta moja. Kingo mbili zinazotazamana hapo zitagusana, ziandike 1 zote. Sasa angalia ncha zao za nje, ambazo nazo zimekutana: zikiwa na miraba mitatu kwa jumla, kingo zinazofuata nazo zinaungana, unaendelea kama mtu anayefunga zipu. Ikiwa ni miwili, simama, hamia kona nyingine. Ikifika minne, au ukingo mmoja ukidaiwa na wenzake wawili, mchoro haufai. Mzuri una kingo 14 za nje, nazo huisha zote kwa jozi 7.

Njia hiyo ya zipu inafanya kazi hata kwa michoro ya pembetatu, ila hesabu ya kwenye kona inabadilika kulingana na umbo.

Kuna pia yale maswali yenye alama, nyota upande mmoja, duara mwingine, halafu unaonyeshwa boksi nne zilizokwisha kukunjwa. Anza tena na nyuso zinazotazamana. Jibu lolote linaloonyesha mbili za namna hiyo kwa pamoja ni la uongo, kwa kuwa jicho haliwezi kuona kitako na kifuniko kwa mara moja. Mara nyingi unabaki na mawili, na hapo ndipo unaangalia alama yenye mwelekeo, kama mshale, ncha yake inaelekea ukingo upi.